Baba mdogo ametia sanduku kufuli, na mahari yangu iko karibu

Jambo Tantine,

Ninakuandikia kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Nina miaka 36, nina kazi, nina mchumba, na tangu wiki tatu sina baba mdogo. Yuko mzima, anakula bukari yake vizuri. Ni mimi tu ambaye hataki kuniona.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 6, na huyu mdogo wake ndiye aliyenilea. Mapenzi yangu ya kusoma yalitoka kwake. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lililojaa bede, yaani magazeti ya hadithi za picha, za Kifaransa, Strange na Spécial Strange, tangu mwanzo wa miaka ya 80 hadi 1991. Alizinunua akiwa mwanafunzi, akijinyima mkate wa saa nne ili pesa zitimie. Humo ndimo nilimokutana na X-Men, wale mutanti, watu wa hadithi waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, tena kwa majina ya Kifaransa: Tornade, Serval, Cyclope, Diablo, Phénix.

Lakini mimi nami ni mtoto wa wakati wangu. Jirani yetu alikuwa na video, na kaseti za katuni ya X-Men zilizunguka mtaa mzima mpaka picha zikaanza kunyesha mvua. Ule muziki wa mwanzo ukipigwa leo, nasimama popote nilipo. Kwa hiyo msimamo wangu unajulikana: muongo bora wa X-Men ni miaka ya 90. Kulikuwa na Bishop, kulikuwa na Gambit, na ile namba 1 ya mwaka 1991 iliuza nakala zaidi ya milioni 8, kitu ambacho hakuna bede ya Marekani imewahi kukifikia. Baba mdogo anasema miaka ya 90 ni misuli, meno, na mikanda yenye vifuko visivyowekwa kitu. Kwake yeye muongo ni wa 80, basi. "Ndipo mtu alipokufa, akafa," husema, na hapo anamaanisha Phénix.

Ubishi huu tunao tangu nina miaka 15. Ni raha yetu. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana kwa kinyozi, wazee benchi moja, vijana benchi la pili, na kinyozi mwenyewe husema muongo bora ni ule ambao sisi sote tutamlipa madeni yake.

Jumamosi ile nilikuja nimejiandaa. Nilikuwa nimetafuta tarehe zote kwenye simu. Nikamwambia mbele ya watu: "Papa, zile kurasa za mwandishi Claremont na mchoraji Byrne unazozisifu zilianza Desemba 1977, zikaisha Machi 1981. Phénix alikufa Septemba 1980. Miaka yako ya 80 ina miezi 15 tu! Nyingine zote ni za miaka ya 70." Watu walicheka, Tantine. Mzee mmoja alipiga meza mpaka mashine ya kunyolea ikaanguka. Baba mdogo naye alicheka. Akasema, "Ngojeni, niwaletee muone," akaenda nyumbani, ambako si mbali, ni njia mbili tu. Alikaa karibu nusu saa. Aliporudi hakuwa na kitu mkononi. Akaketi, hakusema neno, kisha akaondoka kabla zamu yake ya kunyolewa haijafika.

Tangu siku hiyo ni kimya. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Sanduku limetiwa kufuli, jambo ambalo sijaliona maisha yangu yote. Mama alipokwenda kumuuliza, alijibiwa hivi: "Mtoto wenu atafute mwingine wa kumsemea. Mimi ni mtu wa zamani."

Na shida yangu iko hapo. Mahari ni baada ya wiki tano. Jamaa za mchumba wangu wako Likasi, faktire yao, orodha ya vitu vya mahari, tumeshaipokea, ni ndefu, na msemaji wetu alikuwa yeye. Hakuna mwingine katika ukoo wetu anayeweza kugeuza mbuzi watatu kuwa wawili na wakwe wakabaki wanatabasamu.

Marafiki wananiambia niombe msamaha kwa ajili ya zile tarehe. Lakini tarehe ni tarehe! Nitaombaje msamaha kwa niaba ya kalenda? Nimejichunguza, sioni kosa lingine. Kuna namba moja ya Spécial Strange niliyomwazima rafiki yangu wa Ruashi mwezi wa tano, ikapata matatizo kidogo, lakini hiyo ni habari ndogo, na nadhani mzee hata hajui.

Nifanye nini arudi kabla ya mahari? Na kama una maoni, usinifiche: nani ana haki kati yetu, 80 au 90?

Mtoto wa Kamalondo

Tantine anajibu

Mwanangu, tuanzie Ruashi.

Umenijazia karatasi kwa miezi na miaka, umenieleza mpaka mashine ya kinyozi ilivyoanguka, na ile namba ukaipa mstari mmoja karibu na mwisho, imejikunja kama mtoto aliyevunja sahani. "Ikapata matatizo kidogo." Matatizo gani? Ilinyeshewa? Mtoto aliichana? Nimeishi mjini hapa siku nyingi, najua karatasi isiyo na mwenyewe inaishia wapi: inafunga karanga. Natamani niwe nimekosea.

Sasa rudi nami polepole kwenye ile Jumamosi. Baba yako mdogo alicheka. Umeandika wewe mwenyewe. Mtu aliyeumizwa na tarehe zako angevaa kofia yake akaenda zake, lakini huyu aliinuka akiwa na moto wa ubishi, akaahidi kuleta ushahidi. Ushahidi upi? Mzee ambaye hoja yake kubwa maisha yote ni kifo cha Phénix, akisema "niwaletee muone", anakwenda kuchukua namba ambayo Phénix anakufa. Njia mbili kwenda na njia mbili kurudi, ni dakika kumi kwa mtu mwenye magoti mabovu. Dakika nyingine zote alikuwa sakafuni kando ya kitanda, anatoa namba mojamoja, anazipanga, anahesabu, anaanza upya. Halafu akaelewa. Nyumba nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuruhusiwa kufungua sanduku lile bila kuomba.

Akarudi, akaketi katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, na hakukutaja. Alikuficha, mwanangu. Angeweza kukuuliza mbele ya wazee wale wote, "Iko wapi?", na leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Amenyamaza wiki tatu anangoja useme mwenyewe, na wewe wiki tatu unamtumia ujumbe kuhusu kalenda. Kufuli lile unadhani limewekwa kuzuia Septemba 1980?

Labda namba iliyoenda Ruashi si ile ya Phénix. Utaniambia. Lakini kama ndiyo, na moyo wako unajua kama ndiyo, basi hatua ya kwanza iko wazi, nitaifikia. Acha kwanza nijibu swali la pili, maana nakufahamu, hutasoma lolote mpaka nilijibu. Na usidhani umemuuliza mtu wa kando. Kaka zangu walikuwa na sanduku kama hilo na walinikataza kuligusa, eti ni mambo ya wavulana. Walipokwenda mpirani nililigusa.

Tarehe zako ni sahihi, na bado umekosea. Simu ilikupa tarehe za New York, na baba yako mdogo hakuishi New York. Bede zake zilitafsiriwa na kuchapishwa Lyon na Éditions Lug, walioanzisha Strange mnamo Januari 1970 na Spécial Strange mwaka 1975. Hadithi ilitoka Marekani, ikangoja miaka kadhaa zamu yake Lyon, ikasafiri mpaka kwenye duka la vitabu la mjini hapa, kisha ikangoja tena mpaka mwanafunzi mmoja amalize kujinyima mikate. Phénix wa New York alikufa Septemba 1980. Phénix wa Lubumbashi alikufa baadaye kabisa, miaka ya 80 imeshakomaa, juu ya kitanda cha kijana mwenye njaa ya saa nne. Alipokuambia 80 hakukosea. Alikupa tarehe ambayo msiba ulimfikia. Ndugu akifia Ulaya na habari ikaja baada ya mwezi, wewe matanga unayaweka lini?

Tena alichosoma si hasa kile walichosoma Wamarekani. Ufaransa ina sheria ya tarehe 16 Julai 1949 inayochunga machapisho ya watoto na vijana, na Lug waliijua makali yake: gazeti lao Fantask liliishia namba 7, mwaka 1969. Baada ya hapo wakawa wanajikata wenyewe kabla hawajakatwa. Milio ya ngumi ilifutwa, nyuso za kutisha zikachorwa upya, na watu wakabatizwa. Yule Wolverine, jina la mnyama wa nchi za theluji ambaye sisi hatujawahi kumwona hata kwenye ndoto, akaitwa Serval. Serval ni mondo, mwanangu! Ni huyuhuyu wa nyika zetu, mwenye masikio marefu, mwizi wa kuku. Nikiwa mtoto niliamini kabisa kwamba yule bwana mfupi mwenye makucha ni mtu wa Katanga. Sijaacha kuamini moja kwa moja.

Wewe nawe sasa. Katuni yako ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 31 Oktoba 1992 na kumalizika 1997, vipindi 76. Naipenda, sisemi vibaya. Lakini hadithi zake kubwa ni za nani? Phénix ni wa Claremont. Ile habari ya siku zijazo, maroboti wa Sentinel wanawawinda mutanti na makaburi yamejaa, ilitoka namba 141 na 142, mwaka 1981, Claremont na Byrne haohao. Katika karatasi aliyerudi nyuma kuonya watu ni Kitty Pryde, msichana mdogo, na Bishop wako aliwekwa kwenye kiti chake tu, maana wakati huo alikuwa hajabuniwa. Miaka 21 mmekuwa mkipigania hadithi moja, mmoja ameishika kichwa, mwingine mkia.

Kuna mahali mnapotofautiana kweli, na hapo hamjawahi kupagusa. Katika karatasi, Jean Grey akiwa Phénix anamaliza nyota na sayari yenye viumbe bilioni 5, kisha anajiua mwezini mbele ya Cyclope ili asiue tena. Claremont na Byrne walikuwa wamepanga abaki hai, anyang'anywe nguvu tu. Mhariri mkuu, Jim Shooter, ndiye aliyekataa, kwa kuwa hakuona vipi muuaji wa sayari nzima arudishwe nyumbani kupumzika. Ikabidi kurasa za mwisho ziandikwe upya. Kwenye katuni mambo ni mengine: wenzake kila mmoja anamtolea sehemu ya uhai wake, Jean anafumbua macho, watoto wanakwenda kulala. Baba yako mdogo alikua na ile inayokataa kukufariji. Wewe, yatima wa miaka 6, ulikua na ile ambayo familia inachanga uhai ili mmoja wao asiende. Siwezi kumkosoa hata mmoja wenu.

Kuhusu milioni 8 unazonitishia. Namba ile ilitoka na majalada matano tofauti, na watu wengi walinunua yote matano wakidhani watayauza bei ya nyumba uzeeni. Ni nakala nyingi zilizofungwa kwenye plastiki bila kufunguliwa. Claremont, aliyeibeba kazi hii tangu 1975, alitoka mwaka huohuo baada ya kuandika namba tatu tu za mfululizo huo mpya, na mwaka uliofuata Jim Lee, mchoraji wake, naye akaenda kuanzisha kampuni ya Image na wenzake. Hapo ndipo miaka yako ya 90 inaanzia: nyumba ina wageni kuliko siku zote, na mwenye nyumba amehama.

Na kwetu, 1991 ilikuwa nini? Ndio mwaka mji wetu ulioporwa. Umeniandikia kwamba sanduku linaishia 1991, ukapita bila kuuliza kwa nini. Unadhani siku moja aliamka amechoka na X-Men? Hapakuwa tena na duka la kununulia, wala pesa ambayo ingebaki pesa mpaka wiki ya pili. Kwa hiyo yeye anaihukumu miaka ya 90 bila kuisoma, na wewe unaitetea bila kuisoma, maana uliiona kwenye kaseti za jirani. Kesi ya kinyozi ina mashahidi wawili: mmoja hakuwepo, mwingine alikuwa anatazama televisheni.

Hukumu yangu hamtaipenda nyote. Muongo bora hauanzi na sifuri. Ulianza 1975 na kufa Januari 1986.

Kabla ya hapo X-Men ilikuwa maiti inayotembea. Stan Lee na Jack Kirby waliianzisha mwaka 1963 na vijana watano, Wamarekani weupe wote, na kufikia 1970 haikuuzika, wakawa wanarudia kuchapisha hadithi za zamani kwa karibu miaka mitano. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakaleta kundi jipya: Mrusi, Mjerumani, Mjapani, Mkanada, Mu-Apache, na Ororo, Tornade wetu, ambaye mama yake ni wa Kenya. Tunamkuta Kenya anaabudiwa kama mungu wa mvua mpaka mzungu mwenye kiti cha magurudumu anakuja kumwambia yeye si mungu, ni mutanti. (Nina maneno na ukurasa ule, lakini si leo.) Halafu Claremont akaichukua, na akafanya kitu ambacho wengine hawakuwa na subira nacho: akawaacha watu wale wakue. Mtu anakufa namba 137, na anaendelea kulemea watu miaka mitano baadaye.

Tornade ndiye kipimo changu. Mwaka 1983 anakata nywele zake zote pembeni, anabakiza upanga wa jogoo katikati, na Kitty mdogo analia kwa sababu anayemwona kama mama amebadilika sura. Mwaka 1984 anapoteza nguvu, hana tena radi wala upepo, na bado hawi mtu wa nyuma. Kisha namba 201: anapigania uongozi na Cyclope, mwanamume ambaye macho yake yanatoboa ukuta, na anamshinda bila nguvu yoyote, kwa akili na miguu yake. Nilisoma ukurasa ule nimesimama, nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni, sombe inaungua. Tarehe ya jalada la Marekani: Januari 1986.

Na mwezi huohuo, Januari 1986, katika bede nyingine ya Marvel, kampuni hiyohiyo ya X-Men, Fantastic Four namba 286, wanamtoa Jean Grey, mzima, kwenye gamba lililopatikana chini ya maji ya ghuba huko New York. Kumbe aliyekufa hakuwa yeye, ilikuwa nguvu iliyochukua sura yake. Cyclope alikuwa ameshaoa, ana mtoto mchanga. Akamwacha mke na mtoto, akamkimbilia mchumba wa zamani. Mimi barua za namna hiyo napokea kila wiki, sihitaji kulipia bede.

Kwa hiyo kilele na mazishi ya muongo wangu viko mwezi mmoja. Zuri lilitoka baadaye pia, sikatai. Grant Morrison, kuanzia 2001, ana kurasa za kuogofya, na Jonathan Hickman mwaka 2019 aliwapa mutanti kisiwa ambako wafu wanafufuliwa kwa utaratibu maalumu. Ni werevu mwingi. Lakini baba yako mdogo akisikia kwamba kisiwani humo Phénix aliweza kufa Jumatatu akarudi Jumatano, atatia kufuli la pili.

Basi, turudi kwenye kazi.

Leo hii, si kesho, nenda Ruashi. Mwambie rafiki yako akupe chochote kilichobaki: jalada, nusu, ukurasa wenye mafuta ya maandazi, chochote. Usianze kwa kutafuta namba nyingine mpya. Najua ndilo wazo litakalokujia, uagize kwa ndugu aliye Brussels, uipenyeze sandukuni usiku, ujifanye hapakuwa na kitu. Namba yake ina alama ya kidole chake cha miaka 16, labda na jina lake kwa kalamu ya buluu. Atajua kabla hajaifungua, na safari hiyo hutapata kimya, utapata mlango.

Nenda asubuhi, peke yako. Mama yako asikusindikize, ana miaka mingi ya kukuombea radhi, mpumzishe. Chukua kuku na unga, maana huendi kwa rafiki, unaenda kwa aliyesimama mahali pa baba yako. Keti chini kuliko yeye. Sema: "Papa, namba ya Phénix niliichukua mimi, nikaitoa nje ya nyumba bila kukuomba, na imeharibika." Uishie hapo. Hakuna "lakini" baada ya hapo, hakuna rafiki wa Ruashi kama mkosaji mwenzako, na simu ibaki nyumbani. Mahari usiitaje hata kwa mbali. Ukiitaja ataona umekuja kumkodi.

Atakachojibu sikijui. Pengine atakufukuza, na kuku akabaki. Kuku akibaki ni habari njema.

Baada ya hapo ndipo uandike Brussels. Namba za miaka ya 80 zilichapishwa nyingi na bado zinaonekana kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, Ufaransa na Ubelgiji. Omba ile iliyopotea, na uombe kitu cha pili, ambacho ndicho nakitaka hasa: hadithi ya Genosha. Ilianza namba 235, Oktoba 1988. Ni kisiwa cha kubuni katika Bahari ya Hindi, upande wa pwani ya Afrika Mashariki, nchi tajiri, safi, barabara nzuri, na utajiri wote unatoka kwa mutanti walionyang'anywa majina na kufanywa watumwa wa kazi. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi, na msomaji yeyote alijua kinachosemwa. Ukihesabu ucheleweshaji wa Lyon, na sanduku linaishia 1991, kuna uwezekano mkubwa kwamba baba yako mdogo hajawahi kuifikia. Miaka yote hii anautetea muongo ambao mwisho wake hajausoma. Mtu aliyezaliwa katika mji wa shaba, akasomeshwa kwa pesa ya shaba, mpe Genosha kisha umwache peke yake chumbani.

Wiki mbili zikipita na bado anakataa kukusemea Likasi, mtafute yule mzee aliyepiga meza. Ni wa rika lake, na ana deni la kicheko. Yeye ndiye aende, si wewe, si mama yako.

Na sanduku: bati hupata kutu, na mvua za Novemba haziko mbali. Nunua plastiki nene, umpe azifunge mwenyewe. Usizifunge wewe mpaka akupe ufunguo.

Jumamosi mtakapoketi tena benchi mbili, mwambie hoja yangu ya Januari 1986, uniandikie amejibu nini. Na mlipeni kinyozi.